Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Tumo 19 humu ukumbini, na chama kina wapima macho 64. Kambi za shuleni, semina ya glakoma na Siku ya Afya ya Macho Duniani zilifanyika kama mlivyoona. Picha mnazo, sitazirudia. Ada ni Sh 50,000. Waliolipa ni 27, jumla Sh 1,350,000. Salio la mwaka jana Sh 1,180,000. Matumizi Sh 2,310,000. Benki zimebaki Sh 220,000.

Sasa niseme kuhusu Sh 1,600,000 za seti ya lenzi za majaribio, yaani lenzi laini za kuvaa machoni anazojaribishiwa mgonjwa, za silikoni haidrojeli (plastiki ya maji iliyochanganywa na silikoni), maana maneno yamekuwa mengi. Wapo waliosema nimenunua mapambo ya wasichana wa mjini. Kauli hiyo iliniuma, hasa kwa kuwa hakuna aliyeniambia ana kwa ana.

Wengi wetu tulisomea lenzi za HEMA, plastiki inayonyonya maji iliyobuniwa na Otto Wichterle na Drahoslav Lím huko Chekoslovakia. Mwishoni mwa 1961 Wichterle alizitengeneza nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunda kwa vyuma vya kuchezea watoto. Kwa waliokuwa wakivumilia lenzi ngumu, ilikuwa neema. Lakini konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Oksijeni yake huitoa hewani, na HEMA huipitisha kwa njia ya maji yaliyomo ndani yake tu, nayo ni kama asilimia 38 ya lenzi. Silikoni hupitisha oksijeni yenyewe. Ndiyo maana lenzi za silikoni haidrojeli, zilizoingia sokoni mwaka 1999, huliacha jicho lipumue mara kadhaa zaidi.

Mwezi Machi nilimpima mwalimu mmoja mwenye namba −9.00, yaani haoni mbali kabisa bila lenzi nzito. Alikuwa amevaa lenzi za HEMA kwa miaka mingi, asubuhi hadi usiku. Kwenye darubini niliona vimishipa vyekundu vimetambaa kutoka ukingoni hadi ndani ya konea, kama mizizi ya mpunga. Miwani ya unene ule haimfai, na lenzi za kumjaribishia hatukuwa nazo; ilimbidi asubiri hadi Julai, seti ilipofika. Leo vimishipa vile havina damu, vimebaki nyuzi nyeupe. Huyo si wa mapambo.

Eti sikuwashirikisha. Niliitisha mkutano Mei, wakaja 11. Nikaitisha Juni, wakaja 9. Akidi ni 32. Kamati ya utendaji ikapiga kura, 6 kwa 3, kama katiba yetu inavyoruhusu. Nauli ya mzigo, Sh 180,000, niliilipa mfukoni mwangu na sijaidai.

Sisemi kwamba silikoni inamaliza kila kitu. Oksijeni kupita hakuzuii vijidudu: anayelala na lenzi bado yumo hatarini, na anayeziosha kwa maji ya bomba anaikaribisha akantamiba, kijidudu cha majini kinachoshambulia konea. Kwa hiyo nawasihi mnaoazima seti, lenzi iliyogusa jicho la mgonjwa itupwe, isirudishwe kisandukuni. Mwezi uliopita nilikuta mbili zimerudishwa.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kupata lenzi za kutupwa kila siku kwa bei nafuu, pengine kwa kuagiza pamoja na mikoa jirani, na mafunzo fedha zikiruhusu. Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti