Sista Irene alikuwa Voi, Kilwa na Lindi pia, tusimwachie Nyeri peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua manake hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na nikilisema nyumbani naambiwa andika gazetini basi, wasomaji wengi wakusikie.

Ni kuhusu Mwenyeheri (hatua moja kabla ya utakatifu katika Kanisa Katoliki) Irene Stefani, yule sista wa shirika la Konsolata ambaye watu wa Nyeri wanamwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Wengi tunakumbuka ile misa ya tarehe 23 Mei 2015 pale uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Kadinali Pengo alitoka Dar es Salaam kuja kumtangaza mwenyeheri kwa niaba ya Papa Francis, watu walijaa mpaka basi, na ilikuwa mara ya kwanza sherehe kama ile kufanyika kwenye ardhi ya Kenya. Ilikuwa siku kubwa na sina neno nayo. Shida yangu ni kwamba tangu siku ile ukisikia anatajwa ni sehemu za Nyeri tu, Gikondi, Gikondi, Mathari, halafu basi. Ile miaka ya Vita ya Kwanza ya Dunia inapitwa kwa sentensi moja, "pia alihudumia majeruhi", kisha watu wanaendelea na mengine. Mimi ni mtu wa Voi na nasema hapana, hiyo sentensi moja haitoshi.

Hebu tuanze na vita yenyewe manake vijana wengi hawaijui. Mwaka 1914 Waingereza huku na Wajerumani kule Tanganyika walianza kupigana, na sisi Voi tulikuwa kwenye njia yake kabisa. Reli ya kwenda upande wa Maktau na Taveta ilianza kujengwa 1915 kwa ajili ya vita, kupeleka askari na risasi, haikujengwa kumpeleka mkulima sokoni. Lakini reli ina mwisho wake na lori msituni zilikwama, wanyama wa mizigo nao waliuawa na ndorobo, kwa hiyo mzigo wote uliobaki ulipanda kichwani mwa mtu. Hao ndio wachukuzi, kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na Kariakoo tunayoijua leo Dar na Kariokor ya Nairobi majina yametoka huko. Walitolewa Ukambani, Nyanza, Ugikuyu, Pwani, kila mahali, na mwaka 1917 ikawa balaa zaidi manake machifu waliambiwa watoe watu na watu wakakamatwa tu. Walitembea mamia ya kilomita na mzigo, chakula kibovu, unga haujaiva, baridi ya usiku bila blanketi la maana. Risasi haikuua wengi wao. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Hesabu ya serikali ya kikoloni yenyewe ilisema zaidi ya 40,000, na wanahistoria wanasema idadi kamili ni kubwa kuliko hiyo, manake mtu akianguka porini nani alimwandika?

Sasa hapo ndo anaingia huyu sista. Alizaliwa 1891 kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, jina lake la nyumbani Mercede, akaweka nadhiri Januari 1914 na mwanzoni mwa 1915 alikuwa ameshafika Kenya. Binti wa miaka 23. Hakupata muda wa kuzoea, masista wa Konsolata waliombwa kusaidia hospitali za wachukuzi naye akapelekwa, Voi kwanza, kisha kusini huko Kilwa, Lindi na Dar es Salaam.

Nataka msomaji asidanganywe na neno hospitali. Usifikirie vitanda vyenye shuka nyeupe na mashine. Ni mabanda marefu ya makuti na mahema, watu wamelazwa wamebanana, wengine chini, mamia kwa mamia, na wagonjwa wa kuhara hawawezi kujiinua kwenda popote. Harufu peke yake ilifukuza watu. Madaktari wachache, dawa chache, na wahudumu wengi walikuwa wameshachoka au hawajali, manake mchukuzi hakuhesabiwa kama mtu, alihesabiwa kama namba kwenye kibati chake cha shingoni. Huyu sista alianza na kuosha. Anaosha mtu, anafunga kidonda, analisha kwa kijiko yule ambaye mkono haunyanyuki, anauliza jina lake na kwao ni wapi. Kuuliza jina! Mtu ambaye kwa miezi alikuwa namba tu, leo anaulizwa mama yako anaitwa nani.

Na kuna kisa cha Kilwa ambacho wenye kumfahamu husimulia. Kulikuwa na mgonjwa aliyekuwa anazungumza naye, siku iliyofuata akaja akakuta nafasi ile tupu. Akaambiwa ameshakufa, amebebwa pamoja na maiti wengine ufukweni. Hakurudi nyuma, alikwenda ufukweni akaanza kutafuta kwa mikono yake mwenyewe katikati ya miili iliyorundikwa, akageuza mmoja mmoja, akamkuta yule mtu bado anapumua. Mimi kila nikikisikia hiki kisa sifikirii muujiza, nafikiria wale waliombeba mgonjwa aliye hai wakamtupa na maiti kwa sababu hakuna aliyeangalia vizuri. Mtu mmoja ndiye aliyeangalia.

Najua kuna ndugu watakaosema huyu alikuwa anabatiza watu wakiwa mahututi. Ni kweli alibatiza, alikuwa mmisionari na hakuficha, aliamini kabisa kwamba anawapa zawadi kubwa kuliko zote. Mtu anaweza kubishana na hilo na mimi sitagombana naye. Ila kuosha kinyesi cha mgonjwa usiyemjua, ambaye serikali iliyomleta imeshamwacha, hilo sidhani kama lina ubishi kwa Mkristo wala Mwislamu.

Vita ilipoisha ndo akaenda Gikondi, mwaka 1920, akakaa miaka kumi. Na huko mimi naona ni kazi ileile iliendelea. Alifundisha shule, alipanda na kushuka vile vilima kwa mwendo wa haraka mpaka watu walimjua kwa mwendo, akahudumia kina mama wa kujifungua na wagonjwa. Akawa pia karani wa kina mama wasiojua kuandika. Vijana walikuwa wameenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi, mama amebaki hana habari, basi anakuja kwa sista anakaa anasema, sista anaandika, mwambie ng'ombe amezaa, mwambie baba yake anaumwa, mwambie asisahau nyumbani. Majibu yakija anayasoma. Nadhani mtu aliyeona Kilwa wanaume wakifa bila nyumbani kujua lolote, hawezi kuvumilia mama akae bila barua.

Akafa kwa namna ileile. Oktoba 1930 tauni iliingia Gikondi, akaugua mwalimu mmoja ambaye hata hawakuwa wanaelewana, alikuwa amempinga, na watu walimkwepa kwa hofu ya ugonjwa. Sista akaenda kumuuguza hadi alipokufa, naye akaambukizwa. Tarehe 31 Oktoba akafariki, miaka 39 tu.

Ule muujiza uliokubaliwa Roma nao si wa Nyeri. Ni wa Nipepe, Msumbiji, Januari 1989 wakati wa vita, zaidi ya watu 200 wamezingirwa kanisani hawana maji, wakamwomba Sista Irene, na maji machache yaliyokuwa kwenye gogo lililochongwa kuwa chombo cha kubatizia yakawatosha kwa siku kadhaa, hata mtoto aliyezaliwa humo ndani akaogeshwa. Angalieni ramani jamani. Nipepe ni upande huohuo wa kusini ambako vita ya wachukuzi iliendelea, Wajerumani walivuka Ruvuma 1917 wakaingia Msumbiji na mizigo ikawafuata vichwani mwa watu.

Ombi langu ni hili. Jimbo Kuu la Mombasa ambalo Voi iko chini yake, na Jimbo la Lindi kule kwa ndugu zetu, wawe na mahali pa heshima panapoeleza kwa Kiswahili kwamba hapa palikuwa na hospitali ya wachukuzi na hapa alihudumu Sista Irene. Kibao tu si gharama. Abiria wa treni anashuka Voi anakimbilia Tsavo kuona ndovu, haambiwi chochote. Pale Nairobi, Kenyatta Avenue, kuna ile sanamu ya askari na mchukuzi, maandishi yake yanasema wachukuzi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, maneno mazuri, lakini hakuna jina hata moja. Mbele ya sanamu ile watu wanauza airtime na kupiga selfi.

Na walimu wa historia, mkifika Vita ya Kwanza ya Dunia msiishie Ulaya tu na yule mrithi wa ufalme aliyeuawa Sarajevo. Watoto wa Taita, Kilwa na Lindi waambiwe yaliyotokea kwao.

Kwako Mhariri, nakuomba toleo la tarehe 31 Oktoba mwaka huu utenge ukurasa mmoja. Weka picha ya sista, sawa, lakini nusu ya ukurasa waachie wachukuzi, na uwaombe wasomaji walete majina ya mababu zao waliopelekwa Kariakoo wasirudi. Mimi nitaleta la kwetu.

Mwalimu mstaafu,
Voi