Wekundu ule ni dhahabu

Busia, Uganda

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama Zuhura. Sisi huku wazima, ila mvua zimeanza na mbu wamerudi nazo.

Jumanne usiku jirani alikuja zahanati kambeba mwanawe, mwili unawaka moto. Nilimtoboa kidole, nikaweka tone la damu kwenye kipimo cha malaria, nikadondoshea maji yake, tukangoja dakika 15. Ukatokea mstari wa kwanza, kisha wa pili, yote miwili imekolea wekundu, maana yake ana malaria. Nikakukumbuka wewe sonara, maana wekundu ule ni dhahabu. Dhahabu kweli, kama hii wanayochimba hapa Tiira.

Najua utabisha, kwa kuwa yako ni ya manjano. Lakini chembe ikiwa ndogo ya nanomita 40 hivi, hata zikipangwa 25,000 ndipo zitimize milimita moja, humeza mwanga wa kijani na kuonekana nyekundu. Mwanasayansi Michael Faraday alieleza maji mekundu ya dhahabu huko London tangu 1857.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi chembe hizi zinavyojiunga na vitu vingine. Koleo gani litashika kitu kidogo hivyo? Wanachanganya tu chembe hizo majini na kingamwili, yaani proteni za kinga zinazonasa kitu maalumu, nazo kingamwili zinajibandika zenyewe juu ya dhahabu. Damu ikipita, zinanasa proteni ya kijidudu cha malaria, zinasafiri nayo mpaka kwenye mstari, ambako kingamwili nyingine zimekaa zikiisubiri. Hapo dhahabu hurundikana hadi jicho linaiona.

Mwaka 1996 mwanakemia Chad Mirkin na wenzake, Marekani, walivisha chembe za dhahabu nyuzi za DNA. Wakitia uzi wa kuzioanisha, chembe hushikana na maji mekundu hugeuka zambarau. Ukiyapasha moto zinaachana, wekundu unarudi. Wewe unayeunga pete kwa moto, hebu fikiria kiungo kinachofunguka kwa joto na kujifunga kikipoa, dhahabu yenyewe isiyeyuke!

Mtoto amemaliza dawa za siku 3, jana nilimwona anakimbiza kuku. Mama yake alitaka nimpime tena ahakikishe. Nikamwambia asubiri, ile proteni hubaki damuni wiki kadhaa, mstari ungemtisha bure. Homa ikirudi, tutaangalia damu kwa hadubini.

Nijibu upesi.

Wako,
Rehema