Barua ya wazi kwa Diwani wetu: Wa baiskeli tupite wapi?

Mheshimiwa Diwani,

Habari za majukumu. Kwa kuwa simu zangu hazipokelewi, nimeona niandike hapa. Wakazi wenzangu wa Arusha watasoma, huenda nawe ukaisikia kwao.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nashuka mjini na maziwa, madumu mawili kwenye keria. Karibu na kituo cha daladala, Noah ikaovateki foleni kwa kushoto, ikanibana, nikaingia mtaroni na baiskeli yangu. Mtaro hauna mifuniko. Unaujua, maana ulisimama juu yake wakati wa kampeni ukasema utaanza nao. Maziwa yote chini. Konda akachungulia dirishani: "Mzee, baiskeli peleka kijijini!" Wakaondoka. Goti limevimba, ringi la mbele limepinda, na mama ntilie mmoja ameshahamia kwa muuzaji mwingine. Simlaumu, chai haisubiri.

Sasa Mheshimiwa, nipite wapi? Njia ya waenda kwa miguu inaanza na kijiwe cha boda, yanafuata magunia ya mkaa, halafu magari ya wateja wa duka la vifaa vya ujenzi, yamepanda juu kabisa. Watoto wa shule wanashukia barabarani, mimi nawakwepa watoto, bajaji inanikwepa mimi, kirikuu inatupigia honi sote. Nahisi aliyeichora barabara ile alikuja na gari akaondoka na gari. Na madereva wanakimbizana na hesabu ya tajiri jioni, kwa hiyo kumsubiri mtoto avuke ni hasara.

Zebra ya mbele ya shule imebaki milia miwili, tena uwe na macho mazuri. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva ampishe aliye kwenye kivuko, na kwenye makazi asizidi kilomita 50 kwa saa. Atapishaje kwenye kivuko asichokiona? Rangi ipo, nimeshaiona ikipigwa usiku usiku, kumbe kesho yake kulikuwa na msafara. Basi tuombee misafara. Au tusubiri AFCON 2027, pengine wageni nao watataka kuvuka barabara.

Utasema barabara ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ile kubwa ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Ulipokuja kuomba kura hukututajia hata mmoja wao. Ulisema "niachieni mimi". Tumekuachia.

Sidai njia ya baiskeli ya lami na taa zake. Mifuniko ya mtaro, ukiweza. Zebra, ukiweza. Ukishindwa yote hayo, tuwekee tuta kabla ya shule, upande wa kushukia, ambako magari huja yameachiwa. Tuta moja, Mheshimiwa, kabla ya masika. Mchanga tutachanga wenyewe, mtu wa kuhesabu fedha nae tunaye.

Wako,
Muuza maziwa, mpiga kura wako