Mwanangu, unalala saa ngapi?

Mwanangu,

Video yako ukicheza Super Mario Bros. nimeiona. Umeituma saa tisa na dakika kumi na saba za usiku, na hiyo saa ndiyo niliyoisoma kwanza, kabla ya picha yenyewe. Dereva wa lori la shaba anafanya nini macho saa tisa ya usiku? Mama yako ameitazama mara tatu, akacheka mpaka akakohoa, kisha naye akauliza swali hilohilo.

Nimefurahi, usije ukasema sikufurahi. Nane-tatu, hatua ya tatu ya dunia ya nane! Wale wawili wa nyundo wanarukaruka juu ya matofali, mmoja akishuka mwenzake anapanda, na ukikawia wanakufuata ulipo. Nimekuona ukipita chini yao wakiwa hewani, hukusita hata kidogo. Ungekuwa hivyo kwenye hesabu, leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Lakini usingizi. Jumatatu unaanza safari yako ya kwanza ya Dar es Salaam. Hiyo si Kolwezi kuja hapa Lubumbashi, kilomita mia tatu unazozijua shimo kwa shimo. Ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa unahamia upande wa kushoto wa barabara, na unabaki kushoto Zambia yote mpaka Nakonde, unaingia Tunduma, bado kushoto. Mkono uliozoea kulia unahitaji kichwa kilicholala. Unalala saa ngapi? Nijibu kwa namba, usinitumie kidole gumba.

Kuna jambo limenikaa vibaya siku mbili. Mtoto wa jirani, yule mwembamba anayekuja kuchaji simu kwetu, nilimwonyesha video kwa kujigamba. Akanieleza kwamba dunia ya nane haina pa kushikilia katikati: ukifia mwishoni unarudi mwanzo wa hatua. Sawa. Halafu akasema hata roho zote zikiisha, ukibonyeza A pamoja na Start unarudishwa mwanzo wa dunia uliyofia, mradi mashine ya mchezo haijazimwa. Mradi haijazimwa! Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaiacha inawaka usiku kucha, umeifunika kitambaa, nasi tunakupigia kelele za bili. Kwa nini hukusema? Labda ulisema.

Sasa ile jioni ya Desemba 2010, timu yetu Mazembe na Internacional ya Brazili, nusu fainali ya dunia ya vilabu, umeme ulipokatika na mashine yako ikazimika. Uliwalaumu watu wa umeme, nami nikawalaumu pamoja nawe, kwa sauti kubwa kuliko yako. Hukujiuliza kwa nini umeme ulirudi baada ya dakika kumi tu? Kwa jirani taa haikuzimika hata mara moja. Ulikuwa unalia, hukuona. Usingekubali kuondoka mbele ya televisheni, wewe nakujua, na timu ya Afrika ilikuwa haijawahi kufika fainali ya dunia ya vilabu. Tukawafunga Wabrazili 2-0. Nawe ukaruka kwa makalio kama kipa wetu Kidiaba, uani, mpaka kaptula ikapasuka, kwa hiyo sidhani uliumia sana. Basi. Disjonta, ile swichi ya kukata umeme wa nyumba, iko nyuma ya mlango, unapajua.

Na wewe, mashine uliitoa chini ya kitanda Pasaka bila kuuliza mtu. Ungeuliza ningekwambia kwamba adapta yake, ile ya volti 9, ndiyo inayoendesha redio ya mama yako. Hiyo unayotumia huko umeitoa wapi? Isije ikakuunguzia chumba.

Nirudi kwenye usingizi. Kope zikiwa nzito usinywe kahawa ukadhani umepona. Egesha, funga milango, lala. Tajiri wa gari akipiga simu, mwache apige. Foleni ya Kasumbalesa ni ndefu, humo watu wanacheza karata na wengine wananunua vitu visivyo na kazi, wewe lala. Mimi niliwahi kufumba macho kidogo tu, kati ya Likasi na hapa, nilipofumbua niko upande wa pili wa barabara. Hakukuwa na gari linalokuja. Mama yako hajui, na wewe usimwambie.

Hapa mvua zimeanza, bati la jikoni linavuja palepale. Makala ya kupikia yamepanda bei, mama yako sasa anapika sombe siku moja, tunaila na bukari siku tatu. Minervali ya shule ya mdogo wako nimelipa nusu. Nusu nyingine ulisema utaiona mwisho wa mwezi, sikukumbushi, nataja tu. Munkoyo wa kunywa tumekuwekea, ila kufikia Jumapili utakuwa mkali, basi pita hapa Jumamosi kama lori litakuruhusu. Ukipita, ulale hapa. Hata kwa saa nne tu.

Ukiwa Tunduma wakati wa kurudi, mama yako anataka mchele wa Kyela, kilo ishirini na tano, usizidishe, forodha watakusumbua.

Nasikia nane-nne bado. Usiicheze njiani. Ilete mashine hapa, uicheze na mimi niione kwa macho yangu; adapta nitaichomoa kwenye redio, mama yako atavumilia jioni moja.

Papa yako