Seti ya kujifungulia ya laki nne na nusu, ninunue au hela ibaki?

Shikamooni mama zangu, na dada zangu habari zenu. Naomba mnivumilie, barua ni ndefu kidogo, jambo lenyewe limenikaa kichwani mpaka usingizi sipati vizuri na nyumbani kila mtu ana lake la kusema.

Mimi ni mama kijacho, mimba ya kwanza, ndo inaingia mwezi wa nane. Naishi Mbagala na mume wangu, na kwa hesabu za kliniki natarajia kujifungua mwezi wa kwanza. Mume wangu anauza vifaa vya simu Kariakoo, makava, chaja, protekta, mimi ni karani kwenye ofisi ndogo ya mizigo mjini. Hatulali njaa ila hela za kuchezea hatuna. Tangu nijue nina mimba nimekuwa naweka pembeni, mara elfu kumi, mara elfu ishirini, na mpaka sasa imefika 620,000. Hiyo ndo hela yote ya uzazi tuliyonayo, na Januari hiyohiyo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita.

Sasa tatizo lilipoanzia. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ana roho nzuri sana na mimi, nisimsingizie, ndo aliyekuwa ananipeleka kliniki miezi ile ya kutapika. Ila amejitwika hili suala la uzazi kama lake. Akanichukua tukaenda duka moja Kariakoo la vitu vya wazazi, akanionyesha seti kamili anayotaka niende nayo leba. Kuna gauni la kujifungulia la satini na joho lake, kilemba cha rangi hiyohiyo, ndala za manyoya, na nguo ya mtoto inayofanana na ya mama. Alafu begi la magurudumu, mto wa kunyonyeshea, kile kigodoro cha mtoto chenye kingo laini na kimto chake, chupa nne za maziwa, mashine ya umeme ya kuchemshia chupa, pampu ya maziwa ya umeme, krimu ya michirizi, mkanda wa tumbo, poda, mafuta, waipsi. Bei 520,000, kwa vile ni wifi anajuana na muuzaji inakuwa 450,000.

Lile gauni nililishika. Nikalikunja kwenye kiganja nikaliachia, linateleza tu, jasho halinyonyi hata kidogo, na vifungo vyake vipo mgongoni. Nikawaza Januari ya Dar na joto lake, niko na uchungu, hilo gauni limeninata mgongoni, na mtoto akitoka wanasema anatakiwa awekwe kifuani ngozi kwa ngozi na anyonye ndani ya saa la kwanza, sasa vifungo vya mgongoni nani atavifungua muda huo? Muuzaji akasema hilo ni la picha mama, unalivaa ukishajifungua. Yaani laki na kitu ya gauni na joho ni ya picha.

Kliniki nimeshapewa karatasi ya vitu vya kwenda navyo. Mpira wa kutandika mita mbili, glavu, pamba rola kubwa, nyembe, kibanio cha kitovu, pedi kubwa za wazazi, kanga au vitenge visafi vinne, nguo za mtoto za kubadilisha, kofia, soksi, blanketi, beseni, kindoo na sabuni. Tunasikia kila siku kwamba huduma ya mjamzito hospitali za serikali ni bure, lakini vifaa unaambiwa uje navyo, na bora uwe navyo kuliko ukatumwe duka la dawa saa nane usiku. Nimepiga hesabu, nikinunua kwa akili, nguo za mtoto nikachague mtumba gredi wani pale Karume, nikafua nikachemsha nikapiga pasi, haifiki laki. Laki tano na kitu inabaki.

Na hiyo inayobaki ndo nataka ikae. Mwenzangu mmoja wa ofisini alikuwa kila kliniki anaambiwa uko vizuri, kufika kwenye uchungu mtoto hashuki, akapewa rufaa usiku, akaishia operesheni. Mumewe alikuwa anapiga simu kwa watu usiku kucha kutafuta hela. Begi lake la uzazi lilikuwa zuri kwelikweli, likabaki kwenye kiti cha nyuma cha gari. Najua kuna ile namba 115 ya m-mama ya kupiga bure ukipata dharura ya uzazi wakakutafutia usafiri, nimeiandika nyuma ya kadi ya kliniki na mume wangu nimemwambia aishike kichwani. Ila ukishafika hospitali kuna dawa, kuna chakula, kuna ndugu wa kwenda na kurudi, inawezekana na damu ikahitajika. Hela mkononi ndo inanipa amani mimi.

Sasa mtasema si umwambie wifi hapana basi. Ingekuwa hivyo nisingeandika.

Wifi ana hoja moja ambayo kila nikitaka kuipuuza nashindwa. Anasema, wifi yangu we hujawahi kulala wodi ya wazazi, mimi nimezaa mara tatu, manesi wanakuangalia ulivyokuja. Ukija na begi la maana na gauni safi wanakuita mama, ukija na shangazi kaja na kanga zilizopauka unaitwa we mwanamke, unasukumwa, unaambiwa panua miguu acha kujidekeza. Anasema hiyo 450,000 sinunui nguo, nanunua heshima. Na si yeye peke yake, dada wawili wa ofisini waliniambia maneno hayohayo na wao walijifungulia sehemu tofauti.

Hapo ndo naumia. Maana mimi leba ndo naiogopa kuliko uchungu wenyewe, naogopa kutukanwa nikiwa sina nguvu ya kujibu. Kama ni kweli gauni linamfanya mtu aniongeleshe vizuri saa hiyo basi labda si la picha tu. Lakini alafu nawaza mama aliyetoka Kongowe na bodaboda ana mfuko mmoja, yeye astahili kutukanwa? Niliwahi kusoma kwamba Finland serikali inawapa wajawazito boksi la nguo na vitu vya mtoto tangu mwaka 1938, mwanzo waliopewa walikuwa wenye kipato cha chini, baadae mwaka 1949 ikawa kwa kina mama wote. Maskini na tajiri boksi moja. Nikawaza ingekuwa huku na sisi tunaingia wote na boksi la aina moja, huyo nesi angejuaje nani wa kumuita mama na nani wa kumsukuma?

Nesi wangu wa kliniki, ambaye ni mtu mzima na anaongea taratibu, nilimuuliza kwa uwazi kabisa. Akacheka akaniambia mwanangu, sisi leba tunataka kanga laini na shati la kufunguka mbele, gauni la satini litaloa damu na maji ya uzazi tulikunje tulitupe kwenye mfuko. Akaniambia pia kile kigodoro chenye kingo na kimto nisinunue, mtoto mchanga anatakiwa alale chali kwenye godoro gumu lililonyooka, bila mto wala vitu laini vya kumziba pua. Kitovu kisipakwe kitu, kiwe kikavu na kisafi, na mtoto asikimbiliwe kuogeshwa, asubiri hata masaa 24. Mashine ya kuchemshia chupa akasema sufuria na maji yanayochemka yanatosha, na tena chupa za nini wakati miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu. Krimu ya michirizi alinambia hakuna inayozuia, ngozi ya mtu ndo inaamua, nipake mafuta ya nazi kama yananipendeza. Poda nayo akakataa, ile vumbi mtoto anaivuta kifuani. Na mimi nimesoma kwamba hata Johnson & Johnson wenyewe poda ya talki waliiacha dunia nzima mwaka 2023 wakahamia kwenye ya wanga wa mahindi.

Nikamuuliza na lile la heshima. Akanyamaza kidogo, akasema wapo wenzetu wa hivyo, sitakudanganya. Ndo jibu lililonitoa nguvu, maana nilitaka aniambie ni uongo.

Kwenye ile seti kitu kimoja tu naona kina maana kwangu nacho ni pampu. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, hapo mtoto hajafika hata miezi mitatu, yaani hata nusu ya safari ya maziwa haijaisha. Sheria inampa mama mpaka masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha, lakini mimi kutoka mjini mpaka Mbagala na foleni ya Kilwa Road masaa mawili yanaishia kwenye kiti cha daladala. Kwa hiyo lazima nikamue. Ila je lazima iwe ya umeme, au ile ya mkono ya bei nafuu inatosha, au kuna mama anakamua kwa mkono mtupu na maziwa yanapatikana ya kutosha kutwa nzima? Hapa nahitaji mliopitia kabisa mniambie, hii nikikosea mtoto ndo atakosa.

Mama yangu mzazi yuko Muheza, atakuja kunitunza arobaini yote. Yeye ameshaniandalia kanga zake za zamani zilizofuliwa mpaka zikawa laini, anasema hizo ndo nguo za uzazi, mpya ina wanga inamkwaruza mtoto. Tumbo atanifunga yeye kwa kanga baada ya kunikanda, mkanda wa elfu hamsini haumwingii akilini. Mama mkwe wangu yeye hataki kusikia chochote kinachonunuliwa, kwao mtoto hanunuliwi nguo kabla hajaonekana, akiona hata soksi anatikisa kichwa. Huyo namheshimu, navificha tu vitu kabatini.

Kilichonifanya niandike kabisa ni mume wangu. Nilidhani atakuwa upande wangu. Juzi akaniambia nunua mama, ni mtoto wetu wa kwanza, hiyo akiba yako usiiguse, mimi nitachukua mkopo. Nikamuuliza wapi. Ni kausha damu. Jamani! Marejesho ya kila siku, uuze usiuze wanasimama mlangoni, jirani yetu hapahapa walibeba friji na televisheni watoto wanaangalia. Nikamwambia baba usithubutu, akanijibu kwa sauti ya chini kabisa kwamba hataki dada zake waseme mke wake alienda kuzaa kama hana mwenyewe. Nilimwonea huruma, maana nilielewa kwamba na yeye hajali gauni, anaogopa kuonekana ameshindwa kutunza. Sikujua nimjibu nini.

Na juu ya hapo kuna bebi shawa, wifi na marafiki wameshapanga sare, keki na mpiga picha, kila mmoja anachanga. Hela yao siipangii, ila natamani kama ingewezekana badala ya keki ya ghorofa mbili waniletee pampasi, pedi kubwa na sabuni. Sijui inasemekaje bila kuonekana nina shida au sina shukrani.

Kwa hiyo naomba mnisaidie, hasa mliozaa miaka hii ya karibuni na mliozaa hospitali za kawaida kama nitakayoenda mimi. Kwenye begi lenu ni nini hasa mlikitumia na nini kilirudi nyumbani hakijafunguliwa? Hili la manesi kuheshimu mavazi mmeliona kwa macho yenu, na kama ni kweli, mlifanya nini kujilinda zaidi ya kununua nguo? Mimi nilikuwa nafikiria nikafike pale kituoni mapema nizungumze na mkunga wa zamu, au nimuombe mama awe karibu kama wanaruhusu, sijui inasaidia. Wifi nimwambieje asijisikie nimemdharau, yeye aliyenishika mkono miezi yote hii? Na mume wangu nimtulize vipi asiende kwa wale watu kimyakimya, maana wanaume wetu wakishaamua mnawajua.

Wanaume mnaosoma na nyie semeni, mke wako akienda leba na kanga nne na shati lako la zamani, kweli unajisikia vibaya?

Wifi ameshamwambia muuzaji atuwekee ile seti pembeni, na advansi inatakiwa mwisho wa mwezi. Naomba majibu kabla ya hapo.

Mama Kijacho,
Mbagala, Dar es Salaam