Somo la historia lianzie mtaani, si kwenye basi la kukodi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji tueleze jambo linalotugusa sisi tunaofundisha Historia na Jiografia hapa Tanga. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeweka masomo ya Jiografia na Mazingira na Historia ya Tanzania na Maadili mahali pa Maarifa ya Jamii katika shule za msingi, na umesisitiza umahiri: mtoto aweze kufanya kitu, asiishie kukariri. Shule nyingi zimelijibu hilo kwa kukodi basi. Mara moja kwa mwaka watoto wanapelekwa Mapango ya Amboni, wanashushwa kwenye magofu ya Tongoni, wanamalizia ufukweni Raskazone, na kwenye jalada la shule inaandikwa kwamba mafunzo katika mazingira halisi yamefanyika. Wiki inayofuata mwalimu anafungua sura nyingine ya kitabu.

Hayo ni matembezi, na watoto wanastahili matembezi. Kufundisha kwa kutumia mahali ni kazi nyingine. Hufanyika kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa miguu, na huanza na swali ambalo jibu lake halimo kitabuni.

Kisingizio cha kwanza ni muda. Kipindi kimoja cha dakika 40 kweli hakitoshi, lakini viwili vilivyofuatana vinatosha: dakika 10 za maelekezo darasani, 10 za kwenda, 30 za kazi, 10 za kurudi na 20 za kuandika. Watoto wa darasa la nne wakiwa kwenye mstari hawazidi kilomita 3 na nusu kwa saa, kwa hiyo dakika 10 zinawafikisha mita 600 hivi. Mwalimu achore duara la ukubwa huo kuizunguka shule yake, kisha alipite peke yake siku moja kabla akiwa na daftari. Vipindi viwe vya asubuhi, kabla ya saa 4, maana jua la Tanga likishapanda hakuna mtoto anayesikiliza. Awepo mtu mzima mmoja kwa kila watoto 15. Wazazi wa kamati ya shule wanaweza kusimama barabarani kuzuia bodaboda na bajaji watoto wanapovuka.

Chukua shule iliyopo Ngamiani. Barabara zake zimenyooka na zina namba, na mwalimu wa ramani hawezi kuomba zaidi ya hapo. Swali la siku liwe: nani anaitumia barabara hii, na kwa kazi gani? Kabla ya kutoka, kila mpimaji ajue urefu wa hatua yake. Pimeni mita 50 uwanjani kwa tepu, atembee mara tatu kwa mwendo wake wa kila siku, ahesabu hatua na kutafuta wastani. Akipata hatua 80, hatua yake moja ni sentimita 62.5. Mara tatu si mapambo. Mtoto anayejua kwamba anapima huanza kunyoosha miguu, na akifanya hivyo barabarani hatua zinapungua, umbali unatoka mfupi na ramani inafinyaa.

Sehemu ya barabara yenye urefu wa mita 200 inatosha darasa la watoto 60. Wagawe vikundi 12 vya watoto watano, sita kila upande, kila kikundi kikiwa na mita 33 hivi. Mmoja anapima, mmoja anachora, mmoja anaandika, mmoja anauliza wenye maduka, na wa tano anatunza muda na kuangalia vyombo vya moto. Tukiwaacha wote waandike kila kitu, watanakili mabango ya maduka na kurudi. Kwa kipimio cha 1:500, mita 200 zinakuwa sentimita 40, na zinaingia kwenye karatasi moja ya manila. Alama za makazi, duka, fundi, chakula, ibada na kiwanja kitupu zikubaliwe darasani kabla ya kutoka. Kosa linaloharibu kazi hii kuliko mengine ni kila kikundi kubuni alama zake. Wakirudi, vipande 12 havishonani. Saa nayo iandikwe pembeni mwa ramani. Baraza lenye vitumbua saa 2 asubuhi huwa tupu saa 5, na mtoto akiliona hilo ameelewa kwamba ramani ni habari ya wakati fulani. Ramani itunzwe. Darasa la mwaka unaofuata lipime barabara ileile, na manila mbili zikiwekwa sambamba tayari kuna historia ya mtaa iliyoandikwa na watoto.

Mada tajiri kuliko zote katika mkoa wetu ni mkonge, na inauma kuiona ikipewa sentensi mbili za kukariri. Tafuta kilo 5 za majani, mzani wa duka, ubao, kisu butu na ndoo ya maji. Miiba ya ncha ikatwe na mtu mzima kabla majani hayajawafikia watoto, maana iko usawa wa macho yao. Wanaoparua wavae glavu, kwa sababu utomvu unawasha ngozi. Paruani nyama ya jani, osheni, anikeni juani, pimeni kipindi kinachofuata, kwani singa, yaani nyuzi za mkonge, zikiwa mbichi zina maji na zitawadanganya. Singa kavu ni kama asilimia 4 ya uzito wa jani. Kilo 5 zinatoa gramu 200 hivi, na mkono usiozoea utapata pungufu.

Hapo ndipo swali lenyewe linapoulizwa: kama kilo 100 za majani zinatoa kilo 4 tu za singa, kiwanda kijengwe bandarini au shambani? Watoto wanajibu wenyewe. Hakuna anayetaka kusafirisha kilo 96 za taka. Basi wameelewa kwa nini korona, yaani viwanda vya kuchakata mkonge, ziko ndani ya mashamba na karibu na maji, na kwa nini singa zilihitaji reli hadi bandarini. Sasa tarehe zina mahali pa kukaa. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida; iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Watoto wachore mstari wenye sentimita 1 kwa kila kilomita 10 na kuandika miaka juu ya vituo. Wataona pengo la miaka sita kati ya Muheza na Korogwe na watauliza kulikoni. Kampuni iliishiwa fedha, serikali ya Kijerumani ikaichukua reli mwaka 1899. Jibu hilo halisahauliki, kwa kuwa mtoto ndiye aliyeliuliza. Shule iliyo karibu na stesheni iombe ruhusa kwa mkuu wa stesheni, ipewe njia isiyopita treni, na watoto wapime upana kati ya reli mbili, ndani kwa ndani: mita 1. Reli mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma ina milimita 1,435. Waulizwe kama behewa la njia moja linaweza kupita kwenye nyingine.

Mkonge huohuo unaeleza watu. Mashamba yaliita vibarua kutoka mbali, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya vibarua wa mkonge, kwa ajili ya kuwaandikisha. Vibarua hao, walioitwa manamba, walifika kutoka Kigoma, Njombe, Songea na hata nje ya mipaka, wakifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi. Waha, Wabena, Wangoni na Wamakonde walio Muheza na Korogwe leo, wengi wao wana babu aliyefika kwa njia hiyo. Na somo likiishia Muheza halijakamilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za nailoni na plastiki zikaiangusha bei, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Mwalimu anayesifia cha kwetu tu, bila kumwonyesha mtoto uzi unaokwenda hadi kwenye viwanda vya ng'ambo, anamfungia mtoto kijijini.

Kuhoji wazee kunaharibika kwa sababu moja kubwa: swali pana. Mtoto akisema "Babu, tuambie historia ya mtaa," atapewa hotuba ile inayotolewa kwa wageni. Aulize: "Shikamoo babu. Mlipohamia hapa maji mlichota wapi? Nani alikuwa jirani wa kwanza? Ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha au baada?" Wengi hawakumbuki mwaka, ila wanakumbuka Uhuru, Azimio la mwaka 1967, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Vigingi hivyo viandikwe ubaoni kabla ya kutoka. Pitieni kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, msiende watoto zaidi ya watano kwa mzee mmoja, na wahojiwe wazee watatu, akiwemo bibi mmoja angalau, kwa kuwa wanawake ndio waliochota hayo maji. Daftari ligawanywe safu mbili: aliyoyaona mwenyewe, na aliyosimuliwa. Wazee wakipingana, mwalimu asikimbilie kuamua nani mkweli. Kwa nini wamepingana ndilo swali la kipindi kijacho.

Neno "Maadili" katika jina la somo limewafanya baadhi ya wenzetu waonyeshe mambo ya kujivunia pekee. Pwani hii ilipitisha watumwa. Abushiri, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Vita vya Tanga vya tarehe 3 hadi 5 Novemba 1914 vilipiganwa na madola mawili ya Ulaya juu ya ardhi ya watu ambao hawakuulizwa, na katika vita vile vya Afrika Mashariki maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa. Mtoto apelekwe makaburini na kuulizwa: majina ya nani yameandikwa, na ya nani hayapo? Leo Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko Tanzania. Ardhi, fidia, ajira na bahari ni mada za uraia zilizo hai, na watoto wa Tanga wanazisikia nyumbani kila jioni.

Basi likikodiwa, liende mahali pamoja. Tongoni, kilomita 17 kusini mwa jiji kwa njia ya Pangani, inajaza asubuhi nzima: kupima nguzo ya kaburi kwa kivuli chake na kivuli cha fimbo ya mita 1, kutafuta matundu yaliyokuwa na bakuli za kigeni, kuchora ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa. Hakuna kupanda ukuta, hakuna kuandika kwa chaki, hakuna kuokota kigae. Mwongozaji apewe dakika 10 mwishoni, watoto wakishakuwa na maswali yao. Akipewa 40 mwanzoni, kazi imekwisha.

Tunajua wakuu wa shule watasema mtihani wa taifa hauulizi Ngamiani. Ni kweli. Unauliza kipimio, usomaji wa ramani, sababu na matokeo, na vyanzo vya historia, na hayo mtoto aliyepima barabara anayo mikononi. Mitihani ya muhula iko chini yetu wenyewe. Swali moja la kata litoke humo, lenye alama za kutosha, la sivyo watoto watajua haraka kwamba daftari la nje halina uzito.

Kwa hiyo tunaiomba Halmashauri ya Jiji la Tanga iruhusu vipindi viwili mfululizo vya Historia au Jiografia angalau mara moja kila wiki mbili, na itoe kibali kimoja cha muhula kwa matembezi ya ndani ya mita 600 badala ya barua mpya kwa kila safari. Tunawaomba pia maafisa elimu kata wafungue jalada moja la kata: ramani za manila, majibu ya wazee kwa ridhaa yao, vipimo, na maswali yaliyofanya kazi na yaliyoshindwa. Sasa hivi mwalimu akihamishwa anaondoka na vyote, na anayempokea anaanza upya na kitabu peke yake.

Ni sisi,
Walimu wa Historia na Jiografia,
Tanga