Dawa inamweka hai mbwa wangu, maji yanatushinda

Ndugu Daktari,

Salaam. Naandika kutoka Newala, huku juu uwanda wa Makonde, kwa ajili ya mbwa wetu wa shamba, Chuma. Najua wapo watakaocheka kwamba watu wanakosa dawa zao, mimi nauliza ya mbwa. Wacheke. Mikorosho yetu iko mbali na nyumba, na korosho zikianza kudondoka anayelinda usiku ni yeye, dhidi ya wezi wa miguu miwili na nguruwe pori.

Mwaka jana mvua zilipoisha alilegea ghafla. Fizi zikawa nyeupe, macho yakaingia umanjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Bwana mifugo alimchoma sindano ya homa ya kupe, maana huku kupe ndio mshukiwa wa kwanza. Nafuu haikuja. Tukampakia kwenye pikapu iliyokuwa imeshusha salfa ya kupulizia mikorosho, mpaka kwa daktari wa mifugo Mtwara mjini. Yule alichukua tone la damu, akalichanganya kwenye kioo na maji ya chumvi, yale ya dripu, akaniita nione: damu inajikusanya vibonge vibonge badala ya kutawanyika. Akasema kinga ya mwili wa Chuma imemgeuka, inavunja chembe nyekundu za damu yake mwenyewe. Pengine kupe ndio walioichokoza, pengine imejianzia tu. Sasa ni ugonjwa wa kuishi nao.

Dawa ni predinisoloni, ya jamii ya homoni, inayozima kinga ya mwili, vidonge vya miligramu 5 vilevile wanavyopewa watu. Ana kilo kama 20, akaanzishiwa vidonge vinane kwa siku, kisha tupunguze robo kila baada ya wiki kadhaa kama fizi zina rangi. Imefanya kazi, sikatai. Alisimama, akabweka, akala. Ila kila tukishuka hadi vidonge viwili, fizi zinapauka, tunapanda tena. Kuacha ghafla nimekatazwa, kwa sababu mwili umezoea kuletewa homoni hiyo na umelala, hautengenezi ya kwake; ukikata anaweza kuanguka. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, nayo marufuku, zikikutana na predinisoloni zinachimba vidonda tumboni. (Shemeji yangu kila akimwona analegea anataka kumpa, nimezifungia kabatini.)

Sasa shida yenyewe. Dawa hii inaleta kiu na njaa. Newala unaijua: maji ya bomba yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni Mitema, yanakuja kwa mgao, na kiangazi kisima cha maji ya mvua kikikauka tunanunua kwa ndoo. Chuma anakunywa kuliko wanangu wote wawili, kisha anakojoa na kurudi kudai mengine. Nikimnyima analamba hata beseni la vyombo. Na hapo ndipo mama mkwe anapoingia. Yeye ni mtu wa dini, nami pia ni Mwislamu, najua mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa. Lakini chombo alichokiramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mara saba, kwa maji ya kununua! Nimemtengea sufuria lake chini ya mwembe, bado anatoroka. Njaa nayo imemfanya ale kuku wa jirani, nimelipa.

Baba watoto anafanya kazi Mtwara. Kwa simu ameniambia achomwe sindano alale, tuchukue mtoto wa mbwa kabla ya msimu. Hana ubaya, ndiye anayetuma hela ya maji. Mimi nashindwa kumwua mnyama ambaye asubuhi ananilaki akitikisa mkia.

Naomba unisaidie haya. Nimesikia kuna dawa nyingine, azathioprini, inayoweza kuunganishwa na hii ili predinisoloni ipungue. Je, inafaa kwa mbwa wa huku, ambako kupima damu kila mara maana yake ni safari ya Mtwara? Na je, nikimpa maji kwa vipimo namdhuru, au ni lazima yawepo muda wote? Kuna pia chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtendaji ametangaza kila mbwa apelekwe. Kichaa hakiponi, siwezi kuwaweka majirani hatarini, lakini kinga yake tumeizima kwa makusudi. Nimpeleke siku hiyo, au nisubiri dozi ishuke na nipate barua ya daktari?

Na kwa wasomaji walio na mbwa wa namna hii: mlipofika ukingoni, mlijuaje kwamba mnyama amechoka, na si nyinyi mliochoka? Baba watoto anarudi korosho za kwanza zikianza kuanguka, ningependa kuwa na la kumjibu.

Msomaji wako,
Newala